Mtoto Aliyechuchumaa Ukingoni

Nairobi, Ijumaa, 5 Julai 1957

Mama Elsie,

Nimefika. Nakuandikia hilo kwanza ili moyo wako utulie, mengine yafuate. Lori lilitoka Garsen limejaa magunia ya mpunga na mbuzi wa Guracha mchuuzi, nami nikakaa juu ya magunia mpaka Malindi, na mbuzi mmoja akala pindo la koti langu la kanisani. Usinicheke. Kutoka Mombasa nilipanda gari la moshi, na kulipopambazuka nikaona nchi pana isiyo na mto hata mmoja, nikajiuliza watu wa huku wanajuaje walipo. Kwetu ukipotea unatazama tu maji yanakwenda wapi.

Jilo wetu, anayefanya kazi huku, alinipokea stesheni na amenipa nusu ya kitanda chake. Anakusalimu sana. Ananicheka kwamba nimevuka nchi nzima kuja kutazama mti. Nimemwambia sikuja kutazama mti, nimekuja kumtafuta shahidi. Mkuyu wetu wa mpakani umekwenda na mafuriko ya mwaka huu, ukingo wenyewe umemegwa, hata shina la kuonyesha hakuna. Jirani yetu Kuno anasema mkuyu ulisimama karibu na dungu letu la kulindia ndege. Mimi nasema ulisimama mbali, chini upande wake. Chifu naye amechoka na maneno yetu, anataka ushahidi. Sasa ni nani aliyeuona mkuyu ule ambaye si ndugu yangu wala ndugu yake? Ni yule bibi wa Kizungu tu, aliyekaa ng'ambo ya mto na rangi zake mwaka ule wa hamsini na tatu, akachora ukingo wetu wote. Tangu Mwalimu Philemon aliposoma gazetini kwamba picha zake za mto wetu zimetundikwa katika nyumba ya picha huku Nairobi, sijalala vizuri. Keshokutwa Jumapili nakwenda.

Lile jambo lingine tunalijua sisi wawili. Usimwambie Kuno wala mkewe kwamba mtoto amelala katika kipande kile kile tunachogombania. Unajua desturi yetu, palipozikwa mtu ni pa wenye mtu. Tukitamka tu, Kuno atasema nilimzika Elsie pale makusudi ili nile shamba lake, na jina la mtoto litaburutwa barazani kama kigingi. Sitaki. Acha mkuyu useme.

Nimekuacha na mpunga na ndege peke yako, nami najua ni kazi ya watu wawili. Nitarudi kabla mashuke hayajainama.

Mumeo,
Enos


Garsen, 16 Julai 1957

Baba Elsie,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Mwalimu Philemon. Nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Koti nitalitia kiraka ukirudi. Mbuzi huyo ameshauzwa na kuliwa, kwa hiyo huna wa kumshitaki.

Mpunga wa juu umesimama vizuri. Nashinda darini kwenye dungu nikiwapigia ndege kelele mpaka sauti imekuwa ya mwanamume, hata juzi kanisani nilipoanza kuimba Mama Margaret aligeuka kutazama ni nani aliyekaa upande wa wanawake. Ungekuwepo ungecheka mpaka utolewe nje.

Sasa nikuambie la pale. Tope limekauka na kupasuka, na mahali pa mtoto pamekuwa tambarare kama penginepo. Msalaba ulikwenda na maji siku zile zile za mazishi. Mimi napajua kwa kuwa miguu yangu inapajua, lakini mtu mwingine atapita asijue. Nimechomeka vijiti pande zote nikajifanya natengeneza mahali pa kunde. Kuno amepita, akaviangalia, akasema, "Mama Elsie, siku hizi unapanda kunde kwangu?" Nikamwambia kunde hazina mwenyewe. Akacheka, akaendelea na safari yake. Si mtu mbaya, Enos, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika.

Wao wanadhani Elsie yuko makaburini kanisani pamoja na wengine. Siku zile za maji mwaka wa hamsini na tano walikuwa wamehamia ng'ambo, na waliporudi kutupa pole walitukuta nyumbani, hakuna aliyeuliza tulimzika wapi. Nanyamaza kama ulivyoniagiza. Lakini Kuno akishinda shauri, hilo litakuwa shamba lake, na ameshaanza kutenga machipukizi ya migomba. Nikilala naona jembe lake likishuka pale.

Lete neno la mkuyu, uje upesi. Nyumba imekuwa kubwa, sijui kwa nini tuliijenga kubwa hivi.

Mkeo,
Mama Elsie


Nairobi, Jumapili, 28 Julai 1957

Mama Elsie,

Nyumba ya picha nimeiona, na ningekuwa na mtu wa kumdai safari yangu ningemdai.

Nilidhani itakuwa kama kanisa la Ngao mara kumi. Ni nyumba ya kawaida, bati lake limeshika kutu, na mlangoni amekaa mlinzi mwenye kaptula ya kaki aliyetazama viatu vyangu kabla ya kunitazama uso. Aliniambia nifute miguu. Nikafuta. Akaniambia tena. Ndani kunanuka nta ya sakafu, na katikati ya chumba cha kwanza wameweka karai chini ya dari, maana kunavuja, nikangoja kidogo nikidhani nalo ni la kutazamwa. Watu wawili wa Kizungu walipita wakalitazama vile vile, kwa hiyo sikuwa mjinga peke yangu.

Nikaanza kutazama. Wazee wenye ndevu, wengi, kila mmoja amekasirika. Mlima wenye theluji, kisha mlima ule ule tena, kisha tena, nadhani kila aliyepita amechora na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Matunda juu ya meza, mazuri kabisa, nikajiuliza kwa nini hawakuyala. Na kuna picha moja ya kiti, mke wangu. Kiti kitupu. Nilisimama nikingoja kuona kama mwenyewe atakuja.

Katika kabati la kioo wameweka vitu vyetu vya mtoni. Upondo wa mtumbwi wameulaza chini kama nyoka aliyeuawa, na mtego wa samaki wameutundika juu mdomo ukitazama dari. Samaki wa Nairobi labda huruka. Nilitaka kumwambia mlinzi, lakini nikaona yeye hakuutundika.

Sasa usikasirike. Picha ya ukingo wetu haijatundikwa. Mlinzi anasema picha za yule bibi hutolewa kwa zamu, nyingine zimo ndani zimefungiwa, na nirudi Jumapili nyingine. Basi nitarudi. Kwa kuwa siwezi kula chakula cha Jilo bure, nimepata kibarua cha kumwagilia bustani kwa Mzungu mmoja. Namwagilia maua kwa mpira. Mtu wa Tana anamwagilia maua kwa mpira! Usiwaambie watu.

Ninavyokukumbuka sitaandika, maana Mwalimu Philemon hupenda kuuliza barua zinasemaje.

Enos


Garsen, 11 Agosti 1957

Baba Elsie,

Hakuna anayesoma barua zangu ila mimi, na Mwalimu Philemon nimemwambia zinahusu kiti kitupu, akaondoka akitikisa kichwa. Kwa hiyo andika unavyonikumbuka. Mimi nakukumbuka asubuhi ninapokoka moto, kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa ukilalamika moshi, na sasa moshi unakwenda tu hakuna wa kuulalamikia.

Chifu ametangaza siku. Ni Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, mpunga ukishavunwa. Amesema asiyekuwepo atahesabiwa kwamba hana neno. Mimi mwanamke siruhusiwi kusemea mpaka wa shamba la mume wangu, unajua. Ninaweza kupeleka maji ya kunywa barazani na kurudi. Kwa hiyo kama picha haijatundikwa, mwambie huyo mwenye kaptula aitoe hata kwa kumwangukia, miguu yako umeshaifuta mara mbili.

Sikuandika kukulaumu. Lakini nimeota kwamba nimemsahau uso. Nilikuwa namwita nyuma ya dungu akageuka, na pale penye uso palikuwa pamelowa tu. Nikaamka nikakaa. Wewe bado unauona uso wake? Sisi hatuna hata picha moja ya mtoto yule, na watu wa Malindi siku hizi wanawapiga picha hata mbwa wao.

Njoo, Enos. Kama huna mkuyu, njoo bila mkuyu.

Mama Elsie


Nairobi, 1 Septemba 1957

Mama Elsie,

Barua yako nimeipata. Bado sijapata neno la kuleta. Kazi ya bustani inaendelea. Jilo anakuja nyumbani kwa likizo mwezi huu, nimempa kitambaa akuletee.

Nataka kukuuliza jambo, na usiniulize kwa nini. Unakumbuka Elsie alivyokuwa akichuchumaa penye maji, mkono mmoja ameuweka juu ya kichwa kama anayezuia kofia? Unakumbuka ulikuwa mkono gani?

Nitakuja kabla ya siku ya chifu. Nadhani nitakuja.

Enos


Garsen, 15 Septemba 1957

Enos,

Jilo amefika. Ameleta kitambaa, na ameleta habari, na habari ni nzito kuliko kitambaa.

Anasema kila Jumapili baada ya ibada unaoga tena. Unavaa shati lako jeupe ulilofua kwa mkono wako, wewe ambaye hapa ulikuwa hujui sabuni inakaa wapi. Unatoka peke yako, akitaka kukusindikiza unamwambia una mtu wa kumwona. Unarudi jioni humsemeshi mtu. Alinisimulia akicheka, akidhani najua, kisha akaniona uso akaanza kusema labda ni mchungaji. Maskini Jilo, hajui kusema uongo.

Sitaki kujua jina lake. Nataka kujua jambo moja tu. Unakwenda kumwona mtu huyo na hapa mimi nalinda kaburi la mtoto wako kwa vijiti vya kunde. Kuno ameshachimba mashimo ya migomba. La mwisho liko mbali na miguu ya Elsie kama urefu wa mkeka. Halafu unaniandikia kuniuliza mtoto alikuwa akiweka mkono gani kichwani, miaka miwili hukutamka jina lake hata ndani ya nyumba, nikadhani ni huzuni inakutoka. Kumbe ulikuwa ukinitafutia la kunisemesha.

Ulikuwa mkono wa kushoto. Chukua.

Mpunga umeiva. Nitauvuna na Mama Margaret. Usipokuja kwa siku ya chifu, usije tena kwa sababu nyingine yoyote.

Alice


Nairobi, Jumapili, 22 Septemba 1957

Mama Elsie, mke wangu,

Hakuna mwanamke. Nisikilize mpaka mwisho, kisha uhukumu.

Picha ilikuwa imetundikwa tangu siku ile ya kwanza. Nilikudanganya. Iko chumba cha mwisho, nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa inafunikwa nusu. Nilipoiona nilisikitika, nusura nilie kwa hasira. Ni ndogo, haizidi sinia. Karatasi chini yake inasema "Mto, Asubuhi", imeandikwa Kiingereza, mlinzi ndiye aliyenisomea. Hata jina la mto hawakuliandika. Lakini ukingo ni wetu, dungu ni letu na ngazi yake iliyolegea, nikautafuta mkuyu. Ameuhamisha, Alice. Ameuchukua kutoka kule chini akauweka karibu kabisa na dungu, pale pale anapopasema Kuno. Nadhani aliona upande ule wa picha ni mtupu akataka ujae. Mti wa mpaka wa watu! Shahidi niliyemfuata nchi nzima ni shahidi wa Kuno. Kwa hiyo sikukuandikia. Nilitaka kufikiri kwanza.

Nikawa nageuka kuondoka, ndipo nikamwona.

Yupo chini ya mkuyu, penye maji. Mtoto mdogo amechuchumaa, na mkono mmoja uko juu ya kichwa. Hana uso, amegeukia mto, na ukubwa wake haufiki kidole gumba. Ukisogea karibu hayupo, ni rangi tu zimepakwa, nyeusi na nyekundu kidogo ya nguo. Ukirudi nyuma mpaka karibu na dirisha, anarudi. Nilisogea na kurudi mpaka mlinzi akaja kuuliza nimepoteza nini.

Ni Elsie. Bibi yule alimwona na akamweka. Hatuna hata picha moja, uliniandikia hivyo, nami nikasoma maneno yako nikiwa nimetoka kumtazama. Ungefikiri ningekimbia kukuambia. Nilishindwa. Niliona nikikuambia utataka kuja, na utasafiri njia yote hii ufike mbele ya mtoto asiye na uso, mdogo kama gumba, nyuma ya mlango. Mimi ilinikata. Sikutaka ikukate wewe. Na nikuambie ukweli wote, nilimtaka kidogo peke yangu. Kule nyumbani ni wewe unayepajua kwa miguu. Mimi siku ile nilichimba tu, mvua ikinyesha, nikafukia, sikumtazama vizuri kwa kuwa maji yalikuwa yanapanda.

Basi kila Jumapili navaa shati jeupe. Mlinzi amenizoea, hanitazami viatu tena. Siwezi kumwacha nyuma ya mlango ule. Nimejaribu. Mara mbili nimefungasha mzigo, Jumapili ikifika naufungua.

Sasa unajua. Sina mkuyu wa kumletea chifu, na sijui nitamwachaje mtoto. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Enos


Garsen, 1 Oktoba 1957

Mume wangu,

Barua yako ilinikuta juu ya dungu nikikusanya kamba za kutishia ndege. Niliisoma huko huko juu, na nilikaa huko huko mpaka Mama Margaret akaja kuniita kula. Kwanza niliona aibu kwa yale niliyokuandikia. Nisamehe. Nimekuwa nikimwonea wivu mwanamke wa Nairobi, nimempa hata sura, mrefu mwenye viatu vya visigino, na muda wote ulikuwa mbele ya ukingo wetu.

Kisha nikafurahi, Enos, furaha ya kuumiza kifua. Nikasema yupo. Kuna mahali mtoto wangu amechuchumaa anachezea maji na hajaugua.

Halafu nikakumbuka. Nimekaa siku nzima nikitaka kutokukumbuka. Nilifikiri nikuachie, kwani ni nani atakayeumia? Lakini nikikuachia hutakuja. Kwa hiyo nakuambia, na naandika polepole ili usome polepole.

Siku zile za bibi wa rangi wewe ulikuwa Kipini na mtumbwi wa mpunga. Mimi nilikuwa hospitali ya Ngao, mtoto ameshikwa na surua, macho yamefungwa. Tulikaa huko mpaka bibi yule akamaliza, na tuliporudi alikuwa ameshavuka kivuko na vitu vyake. Elsie hakumwona. Alilia kwa sababu watoto wote walimwona Mzungu ila yeye. Ulipofika kutoka Kipini ulimkuta akisimulia bibi alivyovaa kofia na alivyochanganya rangi, ukadhani alikuwepo. Yote alisimuliwa na Nyevu, binti wa Kuno, akayashika akayafanya yake, nami nilimwacha kwa kuwa alikuwa ametoka kuugua.

Aliyekuwa akishinda chini ya mkuyu siku zile ni Nyevu. Na mkono ule wa kichwani ni wa Nyevu, baba. Ni wake tangu mdogo. Elsie alikuwa akimfuata kila mahali na kumwiga kila kitu, kutembea kwake, kucheka kwake, na kuchuchumaa kwake. Jana Nyevu alikuja kunisaidia kupepeta, ni msichana mkubwa sasa. Alipochoka akashuka majini kunawa miguu. Akachuchumaa, akaweka mkono kichwani. Nilishika ungo nikasimama tu.

Nilipomwona vile sikuweza kunyamaza tena. Nimevunja neno lako. Nilimfuata Nyevu mpaka kwao, nikamkuta Kuno anatia mpini jembe, nikamwambia Elsie yuko wapi. Sikutaja mkuyu, sikutaja mpaka. Nilimwambia tu, "Pale penye vijiti ndipo alipo mtoto wangu, usichimbe."

Kuno aliweka jembe chini, nikadhani anatafuta neno la kunishitaki. Ndipo akavua kofia, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akasema, "Mama Elsie, miezi yote hii mnaniacha nipite juu ya mtoto? Mimi nilidhani tunagombania udongo." Akauliza kwa nini hatukusema. Nikamwambia uliogopa atasema tumemzika ili tule shamba. Alikasirika kweli kweli, akasema Enos ananijua tangu tukiogelea uchi na bado anaweza kunifikiria hivyo. Nikamjibu kwamba na yeye angeweza kutufikiria hivyo barazani, mbele ya watu, akiwa na hasira. Akaigeuza kofia mkononi. Akasema labda.

Asubuhi walikuja yeye na mkewe na Nyevu. Mashimo yale ya karibu wameyafukia. Kuno aling'oa vijiti vyangu akavicheka, akasimika miti minene kuzunguka mahali pote, na Mwalimu Philemon anachonga msalaba. Kuhusu mkuyu, yeye anashikilia ulikuwa karibu na dungu. Na mimi, Enos, sijui tena. Wewe ulimwona Elsie alipo Nyevu kwa sababu ulimtaka awe yeye. Labda na mkuyu tuliusogeza vivyo hivyo, kidogo kidogo, kila tulipomfikiria mtoto. Labda yule bibi aliuchora pale alipouona. Nimemwachia Kuno kipande kilichobaki, na migomba mitatu imekwenda huko. Sasa mpaka unatoka mtoni, unazunguka kaburi, unarudi kwenye mstari. Una kona, watu wanakuja kuitazama. Chifu ameambiwa asije.

Kwa hiyo huna shauri la kusema, na huna mtoto huko. Nimekunyang'anya vyote kwa barua moja. Ulichonacho ni mahali pake hapa, na mimi. Sikuiti kwa ajili ya mpunga, mpunga umeshaingia ndani. Nakuita wewe. Nimechoka kukukumbuka, nataka kukuona.

Mkeo,
Alice, Mama Elsie


Nairobi, Jumapili, 13 Oktoba 1957

Mama Elsie,

Barua yako niliipokea Alhamisi. Nilikukasirikia siku ile, na siku ya pili yake. Nilisema moyoni, huyu angeniachia hicho tu. Jumamosi hasira iliisha, nikabaki na kumlilia mtoto, na Jilo alitoka nje akaniachia chumba. Sikumlilia hivyo hata siku ile ya maji.

Leo nilivaa shati jeupe nikaenda. Nilisimama mahali pangu karibu na dirisha nikimtafuta Elsie, sikumpata tena. Nikasogea, nikarudi, wapi. Alikuwa Nyevu, wazi kabisa, nikashangaa sikumwona tangu mwanzo. Mtoto wa watu, mzima, anachezea maji asubuhi, hajui kama anatazamwa. Nilitaka kumchukia kidogo nikashindwa. Nilimwangalia mpaka mlinzi akaja kufunga, nikamuaga, na mlinzi alidhani namuaga yeye akanipa mkono.

Kitu kimoja ambacho bado sijakisamehe ni mlango ule. Nimemwomba mlinzi awe anaufunga ili picha isifunikwe, ameahidi.

Naondoka na gari la moshi la Jumanne. Sitaki unipokee kivukoni mbele ya watu, maana sijui uso wangu utafanya nini. Ningoje pale alipo Elsie, uwe umekaa upande wa miguu, nitakuja nikae upande wa kichwa.

Mwambie Kuno mtoto wake ametoka vizuri.

Enos, Baba Elsie